Kiwanja cha Maonyesho

Vijana wengi hudhani Nane Nane ilikuwapo tangu enzi. Sivyo. Zamani sikukuu ya wakulima ilikuwa Sabasaba, siku ambayo TANU ilizaliwa, 7 Julai 1954. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, na katika miaka hiyo ya 1990 siku ya mkulima ikahamia 8 Agosti. Sabasaba ikabaki na maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam.

Kwa sisi wa Nangara, kiwanja cha Nane Nane kilikuwa Themi, Arusha, mwendo wa zaidi ya kilometa 160. Hata Manyara ilipokuwa mkoa mwaka 2002, tuliendelea kwenda huko.

Maonyesho ni shule isiyo na daftari la mahudhurio, lakini mwanafunzi mzuri huuliza. Agosti ni kiangazi. Mashamba yetu ni mabua matupu. Vipando vya maonyesho ni kijani kibichi kwa sababu vinamwagiliwa. Ndugu msomaji, anayelima kwa kungoja mvua asitoe fedha ya mavuno kwa kusifu rangi ya majani. Aulize kwanza: mbegu hii inataka maji kiasi gani, na inakomaa kwa siku ngapi? Akijibiwa hayo, nauli yake imerudi. Asipojibiwa, ametazama bustani tu.