Kodi za Kununua na Kuuza Ardhi Isiolo

Anayenunua ploti yenye hati miliki mjini Isiolo hulipa ushuru wa stempu. Anayeuza hulipa kodi ya faida ya mtaji. Ushuru wa stempu umerithiwa kutoka Uingereza, na kodi zote mbili huandama karatasi. Pasipokuwa na karatasi hazina pa kushika.

Ushuru wa stempu ndio mkongwe. England iliuanzisha mwaka 1694 ili kugharimia vita dhidi ya Ufaransa. Nchini Kenya unatozwa chini ya sheria ya enzi za ukoloni, Sura ya 480, iliyoanza kutumika mwaka 1958. Kiwango ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi iliyo ndani ya manispaa na asilimia 2 kwa ile ya mashambani. Kuandika bei ya chini kwenye mkataba hakusaidii, kwa sababu mthamini wa serikali ana makadirio yake. Sheria hii pia ina meno: hati isiyopigwa stempu haipokelewi kama ushahidi katika kesi ya madai.

Waingereza wenyewe wamesonga mbele. Tangu Desemba 2014 nyumba za kuishi hutozwa kwa ngazi. Leo, kwa mnunuzi wa kawaida England, pauni 125,000 za kwanza hazitozwi kitu, na kinachozidi pauni milioni 1.5 hutozwa asilimia 12. Kenya bado inamtoza mwenye kibanda na mwenye hoteli asilimia ile ile. Kwa maoni yangu, hapa tumeshikilia urithi ambao mwenyewe ameshautupa.

Kodi ya faida ya mtaji ina historia ya kusuasua. Ilianzishwa mwaka 1975, ikasimamishwa 1985, ikarejeshwa Januari 2015 kwa asilimia 5, kisha ikapandishwa hadi asilimia 15 kuanzia Januari 2023. Inayotozwa ni faida, si bei. Tuseme mtu alinunua ploti kwa shilingi 1,200,000, akatumia 300,000 kuiendeleza na kulipa wakili, kisha akaiuza kwa 4,000,000. Faida yake ni 2,500,000 na kodi ni 375,000. Mnunuzi wake, ikiwa ploti imo ndani ya manispaa, atalipa stempu ya 160,000. Asiye na risiti za gharama zake huumia bure.

Misamaha ipo. Kodi ya faida haimgusi mtu binafsi anayeuza ardhi kwa bei isiyozidi shilingi milioni 3, wala nyumba aliyoishi mwenyewe kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza. Uhamisho wa mali kati ya mume na mke hautozwi kodi hiyo wala stempu.

Sasa turudi Isiolo. Sehemu kubwa ya kaunti hii, kuanzia Merti na Garbatulla hadi Oldonyiro, ni malisho ya jamii za wafugaji. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa iko chini ya udhamini wa serikali ya kaunti, nayo hairuhusiwi kuiuza. Hapo hakuna kodi ya mauzo kwa kuwa hakuna mauzo halali.

Mjini mambo ni magumu zaidi. Ploti nyingi zimepita mikono kadhaa kwa barua za mgao, yaani barua za kutengewa ploti kabla ya hati miliki, na bei zimechochewa na uwanja wa ndege, barabara ya Moyale na ahadi za LAPSSET, mradi wa ukanda wa uchukuzi kutoka bandari ya Lamu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, katika kesi ya Torino Enterprises, kwamba barua ya mgao peke yake haihamishi umiliki. Mnunuzi wa barua anaweza kudhani amekwepa stempu, kumbe alichokosa ni ardhi yenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, dai cheti cha kaunti kwamba ada za ploti zimelipwa, na mkubaliane kwa maandishi ni nani atakayelipa kodi ipi.