Engai Mweusi na Engai Mwekundu: Je, Palikuwa na Mungu wa Moto Katika Nchi ya Meru?

Msafiri atokaye Arusha kuelekea kaskazini magharibi, akiisha kuivuka nchi ya Monduli na kushuka katika Bonde la Ufa, huuona mlima mmoja uliosimama peke yake upande wa kusini wa Ziwa Natron. Umechongoka kama pia, na urefu wake wakaribia mita 2,960 kutoka usawa wa bahari. Wamasai wauita Ol Doinyo Lengai, maana yake Mlima wa Mungu. Na mlima huu hutoa moto. Kwa sababu ya mambo hayo mawili, jina na moto, imekuwa kazi nyepesi kwa wageni kuyafunga pamoja na kunena kwamba watu wa nchi hii, tangu Natron hata chini ya Mlima Meru, walikuwa na dini ya mungu wa moto, mungu mkali apendaye kuangamiza. Kauli hiyo yapendeza masikioni, wala haina shida kukumbukwa. Lakini lugha ya wenyeji, ibada zao, na mambo yaliyotendeka katika nchi yao, yote yaikanusha.

Kwanza yafaa litazamwe neno lenyewe analotumia mgeni. Mlima wa namna hii huitwa volkano, na neno hilo asili yake ni Vulcanus, mungu wa moto wa Warumi wa kale. Kila mwaka, tarehe 23 Agosti, Warumi walimfanyia sikukuu, na samaki hai walitupwa motoni kwa ajili yake. Katika visiwa vya Hawaii vilevile, Pele alihesabiwa kuwa ndiye mwenye moto wa mlima Kilauea, na lava, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipotiririka watu walimwona yeye mwenyewe akipita. Kwa hiyo mtu wa Ulaya aliyefika katika Bonde la Ufa alikuwa na mungu wa moto tayari kinywani mwake, kabla hajamwuliza mwenyeji neno hata moja. Jina la Kimasai halisemi hivyo. Halisemi kwamba mlima ni Mungu, wala kwamba moto ni Mungu. Lasema kwamba mlima ni wa Mungu, kama vile nyumba ilivyo ya mwenyewe; na hakuna mtu mwenye akili achanganyaye nyumba na mwenye nyumba.

Tena neno Engai lina maana pana. Kwa Kimasai neno hilo moja ni Mungu, ni mbingu, na ni mvua. Mwanzo wake, yaani en-, ni alama ya jinsia ya kike katika lugha hiyo, ambayo hutenga maneno ya kiume na ya kike. Katika nchi ya wafugaji, ambako majani yakikauka ng'ombe hufa na ng'ombe wakifa watu hufa, haikuwa ajabu mwenye uhai wote kuitwa kwa jina la mvua. Basi ni vigumu kusadiki kwamba watu waliomwita Mungu wao Mvua walimwabudu kama Moto.

Hata hivyo wale wanaoshikilia habari ya mungu mkali hawakosi ushahidi. Mwaka 1905, A. C. Hollis, mtumishi wa serikali ya Kiingereza, alitoa kitabu juu ya lugha na hadithi za Wamasai. Katika kitabu hicho imo habari ya Mungu wawili, mmoja mweusi na mmoja mwekundu. Kwa ufupi habari ni hii: Mweusi aliwaonea huruma watu waliokuwa wakifa kwa njaa, akamwomba Mwekundu wawape maji. Mwekundu akakubali, lakini mvua ilipokwisha kunyesha kwa muda akataka ifungwe; Mweusi akasema kwamba bado haijatosha. Tangu hapo wawili hao hushindana. Ngurumo ya karibu, ile ipasukayo kwa kishindo, ni Mwekundu atakaye kushuka awaue watu. Na ngurumo ya mbali, ile inayovuma polepole, ni Mweusi anayemzuia na kumwambia awaache.

Msomaji akiisoma habari hii upesi atasema: huyu Mwekundu ndiye mungu wa moto. Lakini akiisoma taratibu ataona mambo mawili. La kwanza, mlima unaotoa moto haumo kabisa katika hadithi hiyo. Ugomvi wote ni wa mvua na radi, mambo ya mbinguni, wala si ya kasoko la mlima. La pili, Engai Narok na Engai Nanyokie, yaani Mweusi na Mwekundu, ni jina moja lililopewa sifa mbili. Weusi ni rangi ya wingu lililobeba mvua. Wekundu ni rangi ya anga la kiangazi, la vumbi na umeme usiokuwa na maji. Kila mfugaji huyatazama mawingu hayo mawili juu ya mbingu ileile. Hadithi hupenda kuwafanya watu wawili wasemezane, kwa kuwa bila wawili hapana mazungumzo; ila katika sala jina linaloitwa ni moja. Kugeuza sifa mbili kuwa miungu miwili, kisha kuchukua mmoja wa miungu hiyo na kumfanya dini nzima, ni kuwatendea wenyeji jambo ambalo wao hawakulitenda.

Mlima wenyewe wafundisha vivyo hivyo kwa yeyote anayeuchunguza. Lava yake haina mfano katika milima mingine itoayo moto leo duniani. J. B. Dawson, mtaalamu wa miamba aliyeitazama mwaka 1960, aliwapa wataalamu wenzake habari zake, na ilionekana kwamba imejaa magadi. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya joto la lava ya milima mingine. Mchana huonekana nyeusi kama matope au mafuta mazito, na ikiisha kupoa na kupatwa na unyevu hugeuka kuwa nyeupe. Ndiyo sababu kilele kikionekana kwa mbali huonekana kana kwamba kina theluji, nayo siyo theluji bali ni magadi. Mlima ulilipuka mwaka 1917, tena 1940, tena 1966, na tena 2007. Katika mwezi wa Julai mwaka huo wa 2007 nchi ilitetemeka hata watu wa Arusha na Nairobi wakasikia, na mwezi wa Septemba majivu yakapanda juu sana. Majivu yakianguka juu ya majani, ng'ombe hawana malisho, na wafugaji hulazimika kuhama. Huo ndio wekundu. Lakini majivu hayohayo, yaliyopeperushwa na upepo kuelekea magharibi kwa maelfu ya miaka, ndiyo yaliyoyarutubisha mabonde ya Serengeti, na majani mafupi yaotayo huko yana nguvu hata nyumbu huyafuata wakati wa kuzaa. Huo ndio weusi. Mkono uliokausha ndio uliolisha.

Sasa zitazamwe ibada. Mtu akitafuta sadaka za motoni hazioni. Aonacho ni majani mabichi yaliyoshikwa mkononi, ambayo ni alama ya amani na baraka. Ni maziwa yanayonyunyizwa. Ni mti wa oreteti, aina ya mkuyu, ambao chini yake watu hukusanyika kuomba. Wanawake wana sehemu kubwa katika sala hizi, wakiomba mvua na watoto, na wengine huenda kuomba hata katika Mlima wa Mungu wenyewe. Majani, maziwa na mti wenye kivuli: hivyo vyote ni vitu vya ubaridi na vya uhai.

Je, moto hauna mahali katika maisha yao? Unapo, tena mahali pa heshima; lakini ni mahali pa watu. Rika jipya la vijana linapofunguliwa, wazee wa rika lililowatangulia kwa hatua mbili huwapekechea moto kwa kijiti na ubao, na kuanzia siku ile wazee hao huwa walezi wa vijana wale. Kijiti hicho huitwa olpiron, na uhusiano wenyewe huitwa kwa jina hilohilo. Mzee wa olpiron humwonya kijana, humbariki, na akikosewa aweza kumlaani. Basi moto katika desturi hizi ni alama ya malezi na utii baina ya rika na rika. Haukushuka kutoka mlimani. Ulitoka katika mikono ya wazee.

Desturi hizo hazikukaa mbugani peke yake. Waarusha, ambao husema Kimasai, walikaa kusini magharibi ya Mlima Meru tangu miaka ya 1830, wakaacha kutegemea mifugo tu na kulima migomba na mahindi. Walikuja na jina la Engai na mpango wa marika. Majirani zao Wameru, ambao lugha yao ni ya jamaa ya Kichaga na ambao walihamia hapo zamani kutoka upande wa Kilimanjaro, waliupokea mpango wa marika kutoka kwao. Hivyo vijana wa makabila haya mawili wakawa askari wa rika moja. Juu ya wote ulisimama Mlima Meru, wenye mita 4,566, nao pia ni mlima wa moto, ingawa moto wake umetulia. Mara ya mwisho ulitoa majivu kidogo mwaka 1910. Udongo wake mweusi na mito yake ndiyo iliyowalisha. Watu wa hapo waliishi juu ya majivu ya kale kwa karne nyingi wakavuna ndizi.

Lakini nchi ya Meru iliunguzwa kweli, na hapa ndipo maneno ya mungu wa moto yanapodhuru. Miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka iliwamaliza ng'ombe, na ndui na njaa zikawaangukia watu. Kisha Wajerumani wakaja. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri katika Meru kuanzisha kazi yao, na Kapteni Johannes na askari wake walikuwa wamepiga kambi si mbali. Kwa morani haikuwa rahisi kutenga msafara wa Injili na msafara wa bunduki. Usiku wa kuamkia tarehe 20 wamisionari hao waliuawa pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Johannes akarudi na jeshi la askari na wapiganaji wa Kichaga; nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, mifugo ikatekwa, na watu wengi wakafa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine 18, na miongoni mwao walikuwamo viongozi wa Meru na Arusha. Mwaka huohuo boma la Arusha lilijengwa, na waliolijenga walikuwa watu wa nchi hiyo waliolazimishwa kazi.

Katika mambo haya yote hapana lililomhitaji mungu wa moto ili lieleweke. Vijana walipigania nchi yao. Jeshi lilipigania utawala. Anayesema kwamba damu ile ilimwagika kwa sababu ya dini ya ukali, huwaondolea wenyeji sababu zao za kibinadamu, na huwaondolea washindi hatia yao. Viberiti vilivyochoma nyumba za Meru havikutoka katika kasoko.

Mwisho kuna ushahidi ambao hata wamisionari wenyewe waliutoa bila kukusudia. Walirudi Nkoaranga katika Meru mwaka 1902, na mwaka 1904 wakafungua kazi Ilboru kwa Waarusha. Baada ya muda ulikuja wakati wa kufasiri sala na Maandiko kwa Kimasai, na hapo likahitajika neno la kumtaja Mungu. Neno lililochukuliwa ni Engai. Kama Engai angalikuwa roho ya moto yenye kiu ya damu, hapana mfasiri wa Kikristo ambaye angalidiriki kuliweka jina hilo mahali pa Baba wa mbinguni. Mpaka leo katika makanisa ya Umasai waumini humwita Mungu kwa jina lile ambalo bibi zao waliliita wakiwa na majani mabichi mikononi.

Yaonekana basi kwamba dini ya mungu wa moto ni kitu kilichobuniwa na watu waliouona mlima kabla ya kuisikia lugha. Wenyeji walijua kwamba aliyeleta mvua ndiye aliyeweza kuizuia, na kwamba majivu yaliyoua malisho ya mwaka huu yangelisha ndama wa wajukuu. Hawakuwa na haja ya kumgawa Mungu ili kuyaeleza hayo. Walimpa rangi mbili, wakaendelea kumwomba aonekane mweusi.