Ngoma ya Pamoja na Moyo wa Mzee

Katika sikukuu zetu tunaona jambo moja: ngoma inapolia, vijana wanacheza, na wazee wanawekewa viti pembeni. Tunadhani ndiyo heshima. Lakini tuangalie kwanza mambo ya zamani yanatufundisha nini.

Miaka ya 1890, pwani ya Kenya, ilizaliwa ngoma iliyoitwa Beni. Wachezaji waliiga bendi ya askari: walipanga mistari, walivaa nguo za kiaskari, walipeana vyeo. Vita ya 1914-1918 iliwapeleka askari na wapagazi toka nchi hata nchi, nao wakaieneza. Baada ya vita ikachezwa hata kwetu Katanga, ikaitwa Mbeni.

Mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Watu walitoka mbali kutafuta kazi, wakaacha wazazi na ukoo. Mtu akiugua, nani atamwangalia? Akifa, nani atamzika? Chama cha ngoma kilijibu: wachezaji walisaidia wagonjwa, wakazika wenzao. Wakubwa wa Serikali na wamisionari waliitilia mashaka ngoma hiyo. Waliona kelele na vyeo. Hawakuona sana kwamba mgeni amepata ndugu.

Waganga nao wamechunguza faida ya kucheza. Mwaka 2003 waganga wa New York walitangaza habari za wazee 469 waliopita umri wa miaka 75. Waliwafuata miaka mitano hivi, na 124 kati yao wakapatwa na ugonjwa wa kupotewa na akili. Walipima kutembea, kuogelea, baiskeli na kazi nyingine za mwili. Katika hizo zote, ni kwa wachezaji wa dansi tu kwamba hatari ilionekana kupungua. Tusipite kiasi: labda anayeanza kuugua ndiye anayeacha dansi kwanza. Hata hivyo, tunajua kwamba kucheza pamoja kunaamsha akili: kukumbuka hatua, kusikiliza mdundo, kumtazama jirani.

Tena mzee hapungukiwi nguvu tu, anapungukiwa wenzake. Rafiki wamekufa, watoto wamehama. Amekuwa mgeni katika mji wake mwenyewe, kama wale wa Elisabethville. Basi, siku ya sikukuu tusimpe kiti tu. Tumshike mkono, aingie mstarini polepole, nasi tufuate hatua yake.