Fenibelti ikilia, usiipake sabuni

Sisi watu wa Mkwiro hatuna gari kisiwani. Njia zetu ni za miguu, na mzigo huenda kwa mashua au kichwani. Mwenye gari huliacha ng'ambo, Shimoni, likangoja siku tatu, wiki, hata mwezi mzima, likipigwa na upepo wa chumvi. Ndiyo maana magari yetu mengi, ambayo tayari ni wazee, yana ugonjwa mmoja. Ukiwasha asubuhi, fenibelti inalia mpaka watu wanageuka kutazama.

Yangu ni pikapu ya dizeli ya zamani. Ililia wiki tatu. Kila ikilia nilifanya wanavyofanya wengi: nilichukua kipande cha sabuni ya mche nikaupaka mkanda, ukanyamaza. Usiku mmoja shemeji yangu akashikwa na uchungu. Tulimvusha kwa mashua, tukampandisha garini kumpeleka hospitali ya Msambweni. Karibu na Ramisi taa ya betri ikawaka, taa za mbele zikafifia, mshale wa joto ukapanda, na nilipokanyaga breki ilikuwa ngumu kama jiwe. Mkanda ulikuwa umekatika. Gari la samaki lililokuwa likipita ndilo lililompeleka. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi, lakini kosa lilikuwa langu, na naliandika ili mwenzangu asilirudie.

Mkanda mmoja, kazi nyingi

Mkanda huu huchukua mzunguko wa injini na kuupeleka kwenye altaneta, kile kifaa kinachochaji betri. Katika magari mengi ya zamani huzungusha pia feni na pampu ya maji, kwa hiyo ukikatika, injini inachemka. Na katika pikapu nyingi za dizeli za Toyota za miaka hiyo, pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya altaneta. Mkanda ukiondoka, baada ya kukanyaga mara chache breki inakuwa nzito. Haijafa, ila inataka nguvu ya mguu mzima.

Kwa nini unalia

Unalia kwa sababu unateleza juu ya puli. Asubuhi stata imekula umeme wa betri, altaneta inafanya kazi kubwa kuurudisha, na mkanda uliolegea haushiki. Ndiyo maana mlio huja ukiwasha gari, ukifungua taa kubwa, au baada ya mvua, kisha hunyamaza. Kunyamaza si kupona.

Sababu za kawaida ni hizi: mkanda umelegea, umezeeka, umepasuka au unang'aa kama kioo, umeingiwa na oili au maji ya rejeta, puli zina kutu au hazikai mstari mmoja, au beringi ya altaneta au ya pampu ya maji imekufa. Kwetu pwani kutu ni adui wa kwanza. Gari likikaa, puli hushika kutu, na kutu hiyo huusaga mkanda mpya kama msasa.

Namna ya kupima

Gari likiwa limewashwa bila kukanyaga mafuta, nyunyiza maji kidogo upande wa ndani wa mkanda. Simama mbali, na usiwe na kanzu, kikoi au mkono wa shati unaoning'inia. Mlio ukizidi, mkanda unateleza: umelegea au umekwisha. Ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, tazama kama puli zimepangika sawa.

Zima injini, ingoje ipoe. Bonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Kwa magari mengi ya zamani ukishuka kama sentimita 1 ni sawa. Ukishuka mara mbili ya hapo umelegea. Ugeuze utazame nyufa. Kama ni mkanda wa umbo la V, angalia pia chini ya mfereji wa puli. Pakiwa panang'aa, mkanda umeisha ubavuni na unakaa chini, kuukaza hakutasaidia.

Namna ya kutengeneza

1. Toa waya wa negativu kwenye betri. Waya mnene wa altaneta una umeme hata gari likiwa limezimwa.

2. Legeza bolti ambayo altaneta inazungukia, kisha ile ya mkono wa kurekebishia. Kwenye Toyota mara nyingi ni spana namba 12 na 14.

3. Toa mkanda. Zungusha kila puli kwa mkono. Ikikwaruza au kuchezacheza, beringi imekufa, na mkanda mpya hautanyamazisha kitu.

4. Sugua kutu kwa brashi ya waya, futa oili yote. Panapovuja, ziba kwanza.

5. Vaa mkanda mpya wa namba ile ile. Namba imeandikwa mgongoni. Nenda dukani Ukunda na ule wa zamani mkononi. Kama gari lina mikanda miwili pacha, badilisha yote miwili.

6. Vuta altaneta kwa bolti ya kurekebishia. Kama haina, sukuma kwa kipande cha mbao kwenye mwili wake wa mbele, usiutie nguvu mgongo wake. Kaza bolti, pima tena kwa dole.

Usikaze kupita kiasi. Mkanda uliokazwa kama uzi wa gitaa haulii, lakini unaua beringi, na bei ya altaneta si bei ya mkanda.

Rudisha waya, washa gari kama robo saa, zima, pima tena, maana mkanda mpya hulegea kidogo. Ukiwa na mita, betri ipimwe injini ikiwaka: kati ya volti 13.8 na 14.5 ni dalili kwamba altaneta inachaji.

Sabuni je?

Sabuni inanyamazisha mlio kwa muda, haikazi mkanda wala haizibi ufa. Oili na grisi ni mbaya zaidi: zinazidisha utelezi na kulainisha mpira. Fundi akikupaka sabuni akakwambia nenda, muulize mkanda umeshuka kiasi gani.

Mimi siku hizi nina mkanda wa akiba na spana mbili chini ya kiti, na kila nikivuka Shimoni nafungua boneti kabla ya kuwasha. Shemeji naye, akipanda na mwanawe, swali lake la kwanza ni kama mkanda umelia.