Watu wa Kwetu Mjini: Sheria na Maisha ya Kila Siku katika Utafiti wa Langa, Cape Town, 1960–1963

1.0 Utangulizi

Mwaka 1963, Monica Wilson na Archie Mafeje walichapisha kitabu kuhusu vikundi vya kijamii katika Langa, mtaa uliotengwa kwa ajili ya Waafrika pembezoni mwa mji wa Cape Town, Afrika Kusini. Kitabu hicho kinaeleza mambo ambayo mwanahistoria wa siasa huyapita haraka: nani analala na nani chumba kimoja, nani anapika na nani, nani huitwa ugomvi unapozuka, na nani huchanga fedha mwenzao anapofariki. Makala hii inakisoma kitabu hicho kama chanzo cha kihistoria. Hoja yake kuu ni kwamba kikundi cha watu waliotoka nyumbani pamoja, ambacho kitabu kilikipa uzito wa pekee, kilikuwa kwa sehemu kubwa jibu la wafanyakazi kwa sheria zilizowanyima haki ya kuwa wakazi wa mji. Kukiona kuwa mabaki tu ya kijiji ni kukisoma nusu. Ushahidi wa hoja hii umo ndani ya kitabu chenyewe, ingawa waandishi wake hawakuufikisha kwenye hitimisho hilo.

Neno moja linahitaji ufafanuzi kabla ya kuendelea. Katika makala hii, “mtaa uliotengwa” una maana ya eneo ambalo sheria iliamuru Waafrika waishi, chini ya msimamizi aliyewekwa na serikali ya mji, bila haki ya kumiliki ardhi. Neno “kitongoji” limeepukwa kwa kuwa, kwa msomaji wa Tanzania, ni ngazi ya utawala wa kijiji yenye mwenyekiti anayechaguliwa na wakazi. Langa haikuwa hivyo.

2.0 Langa na Sheria za Ukazi

Historia ya Langa inaanza na uhamisho. Mwaka 1901, tauni ilipozuka Cape Town, Waafrika wengi waliondolewa mjini na kupelekwa katika kambi ya Uitvlugt, iliyokuja kuitwa Ndabeni. Sheria ya Maeneo ya Miji ya mwaka 1923 ilizipa serikali za miji mamlaka ya kutenga mitaa ya Waafrika, na Langa ilifunguliwa rasmi mwaka 1927 chini ya utaratibu huo. Wakazi wa Ndabeni walihamishiwa huko hatua kwa hatua.

Baada ya mwaka 1948, utawala wa makaburu ulikaza kamba. Marekebisho ya mwaka 1952 yaliweka masharti ambayo chini yake Mwafrika angeruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72 bila kibali maalumu. Ilimpasa awe amezaliwa mjini hapo na kuishi humo mfululizo, au amefanya kazi kwa mwajiri mmoja kwa miaka 10 bila kukatiza, au ameishi humo kihalali kwa miaka 15. Wake na watoto wa watu wa namna hiyo walihesabiwa pamoja nao. Wengine wote waliingia kwa mkataba wa kazi, na mkataba ulipokwisha walitakiwa kuondoka. Magharibi mwa jimbo la Cape hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu katikati ya miaka ya 1950 serikali ilitangaza sera ya kuwapa Machotara kipaumbele cha ajira na kuwapunguza Waafrika hatua kwa hatua.

Matokeo yake yalionekana katika majengo. Langa ilikuwa na nyumba za familia, lakini sehemu kubwa yake ilikuwa mabweni ya wanaume waliohesabiwa kuwa “waseja,” hata kama wengi wao walikuwa na wake na watoto vijijini. Kisheria, mwanamume huyo alikuwa mikono ya kazi tu. Mkewe alipokuja kumtembelea, alikuja kwa kibali chenye tarehe ya mwisho.

3.0 Watafiti na Swali Lao

Monica Wilson, aliyezaliwa mwaka 1908 katika familia ya wamisionari huko Lovedale, aliwahi kufanya utafiti mrefu kusini-magharibi mwa Tanganyika. Kati ya mwaka 1935 na 1938, yeye na mumewe Godfrey Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe. Kitabu chake *Good Company*, cha mwaka 1951, kilieleza vijiji vya marika, ambamo vijana wa kiume wa rika moja walijenga na kuishi pamoja. Swali lililotokana na kazi hiyo lilikuwa rahisi kulitamka na gumu kulijibu: ni nini kinachowashikamanisha watu katika kikundi? Swali hilohilo ndilo lililopelekwa Langa.

Hata hivyo, Wilson hakuweza kuishi Langa kama alivyoishi Rungwe. Sheria haikumruhusu mzungu kukaa katika mtaa wa Waafrika, na hata kuingia kulihitaji kibali. Kazi ya uwandani ilifanywa kwa sehemu kubwa na Mafeje, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliyezaliwa mwaka 1936 mashariki mwa jimbo la Cape, na ambaye Kixhosa kilikuwa lugha yake ya kwanza. Aliweza kuketi bwenini, kanisani na katika mikutano ya klabu bila kuhitaji mkalimani. Kwa hiyo, sheria iliyowabana watafitiwa ndiyo pia iliyopanga nani angekusanya data na nani angeziandika akiwa mbali. Jambo hili ni sehemu ya ushahidi, na mtahini wa chanzo hiki hapaswi kuliweka kando kama suala la mbinu tu.

4.0 Chumba, Chungu na Jeneza

Kitabu kinawagawa wakazi kwa majina yaliyotumiwa mtaani. *Amagoduka*, kutokana na kitenzi chenye maana ya kurejea nyumbani, ni wahamiaji wa mkataba. *Ooscuse-me* ni jina la kejeli kwa wasomi na watu wa staha, waliosikika wakichanganya Kiingereza katika mazungumzo. Katikati yao kuna makundi mengine ya watu wa mjini, yakiwemo ya vijana. Lakini kikundi kinachojirudia kuliko vyote ni *abakhaya*, yaani watu wa nyumbani. Neno hilo lina shina moja na neno letu “kaya,” na tafsiri yake ya karibu zaidi ni “watu wa kwetu.”

Watu wa kwetu walifanya nini? Walilala chumba kimoja au vyumba jirani. Walipika pamoja. Walimpokea mgeni, wakamwonyesha njia za mji na kumsaidia kutafuta kazi. Wazee wao walisuluhisha ugomvi na kumkanya aliyesahau familia yake. Mmoja wao alipofariki, walichanga fedha ili azikwe kwa heshima au mwili wake urudishwe nyumbani.

Tukiyapanga matendo haya kando ya sheria zilizotajwa, tunaona kuwa kila tendo linaziba pengo lililoachwa na sheria. Mwenye mkataba hakuwa na familia mjini, hivyo alihitaji watu wa kupika nao. Hakuwa na haki ya kubaki mjini bila kazi, hivyo alihitaji mtu wa kumtafutia kazi haraka. Kwenda polisi kulimweka katika hatari ya kuulizwa pasi, na usuluhishi wa wazee ulimwepusha na hatari hiyo. Mji haukumtambua kuwa wake, kwa hiyo hata mauti yake yaliwahitaji watu ambao wangejua apelekwe wapi. Mtu anayeambiwa kila siku kuwa ni mpita njia, atawashika kwa nguvu wale wanaojua alikotoka.

5.0 Ulinganisho na Dar es Salaam

Inawezekana kupinga kwamba wahamiaji popote duniani hutafutana. Pingamizi hilo lina uzito, na Dar es Salaam inatoa nafasi ya kulipima. Mwaka huohuo wa 1963 ulichapishwa utafiti wa J.A.K. Leslie kuhusu jiji hilo, uliotokana na uchunguzi wa miaka ya 1950. Huko nako mgeni alifikia kwa ndugu au kwa mtu wa kwao, na vyama vya kufa na kuzikana vilikuwepo.

Tofauti inajitokeza katika hatua ya pili. Dar es Salaam, mgeni aliyepata kazi aliweza kupanga chumba katika nyumba ya Kiswahili, ambamo vyumba vilifuatana pande mbili za ukumbi na wapangaji walitoka sehemu mbalimbali za nchi. Ua na choo vilikuwa vya wote. Baada ya muda, jirani wa chumba cha pili angeweza kuwa wa karibu kuliko mtu wa kwao aliyeishi ng’ambo ya jiji. Ukoloni wa Kiingereza haukuwa na huruma kwa wahamiaji, lakini haukuwafungia kwenye mabweni kwa wingi na kwa muda wote kama ilivyokuwa Cape Town. Kwa hiyo, kutafutana kwa wageni ni jambo la kawaida la binadamu. Kubaki pamoja kwa miaka 20 katika chumba kilekile, bila mke na bila mtoto, kunahitaji maelezo mengine, na maelezo hayo ni ya kisheria.

6.0 Kisichosemwa

Mnamo tarehe 21 Machi 1960, siku ya mauaji ya Sharpeville, polisi walifyatua risasi Langa pia. Tarehe 30 Machi, umati unaokadiriwa kufikia watu 30,000, ukiongozwa na kijana Philip Kgosana, uliandamana kutoka Langa hadi katikati ya Cape Town kupinga pasi. Mwezi uliofuata vyama vya ANC na PAC vilipigwa marufuku. Kitabu kina sura kuhusu makanisa, klabu za michezo na usuluhishi, lakini hakina sura kuhusu vyama vya siasa. Ukimya huo unaeleweka: kuandika nani alihudhuria mkutano gani kungeweza kumpeleka mtu gerezani. Hata hivyo, athari yake katika uchambuzi ni kubwa. Sheria inapoondolewa kwenye picha, mwenye pasi anabaki kuonekana kama mtu wa kijijini aliyechelewa kuwa wa mjini. Picha hiyo ilikaribiana mno na madai ya serikali kwamba Mwafrika mjini ni mgeni.

7.0 Mafeje baada ya Langa

Mwaka 1968, Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa Mafeje nafasi ya kufundisha anthropolojia, kisha baraza la chuo likaiondoa kwa shinikizo la serikali, na wanafunzi wakakalia jengo la utawala kupinga uamuzi huo. Mafeje alifundisha sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia mwaka 1969. Mwaka 1971 alichapisha makala iliyokosoa dhana ya kabila, akidai kuwa ni itikadi inayoficha mahusiano ya kiuchumi na kisiasa, na kwamba lugha za wenyeji wa Afrika Kusini hazina neno linalolingana nayo. Inafaa kuisoma makala hiyo kama mwendelezo wa Langa: aliyeketi na *abakhaya* alijua kwamba hawakuwa wakijitaja kwa kabila. Walijitaja kwa mahali.

Kiswahili kina neno “kabila,” na watafiti tunaotumia lugha hii hulitumia kwa wepesi. Lakini kina pia “mtu wa kwetu,” ambalo mipaka yake hupanuka na kusinyaa kulingana na umbali wa msemaji kutoka nyumbani. Kwa kuzitafsiri data za Langa, neno hili la pili ni sahihi zaidi.

8.0 Hitimisho

Hoja ya makala hii ina mpaka wake. Udhibiti wa kuingia mijini ulifutwa mwaka 1986, lakini desturi ya kuwarudisha marehemu mashariki mwa Cape haikukoma. Mamphela Ramphele, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu mabweni ya Cape Town, ameonyesha jinsi kitanda kimoja kilivyokuwa makao ya familia nzima, na jinsi haki ya mtu kukaa ilivyotegemea kitanda hicho. Watu walikuwa wamekipa maana yao wenyewe kile kilichoanza kwa kulazimishwa. Sheria iliunda umbo la kikundi; upendo, wajibu na heshima kwa wafu havikutoka katika sheria. Utafiti wa maisha ya kila siku unapaswa kuvishika vyote viwili kwa pamoja, na kuanza kwa kuuliza kila chumba: nani aliruhusiwa kulala humu, na kwa kibali cha nani?