PIMA, FUTI NA MITA: VIPIMO VYA UREFU KATIKA MWAMBAO WA KILWA

Mhariri wa gazeti letu alinitaka niandike jambo la historia linalohusu nyumbani. Najua wengi mngetazamia Husuni Kubwa, au safari ya Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331. Mambo hayo yamekwisha kuandikwa na watu wanaoyajua kunishinda. Mimi nimechagua jambo ambalo sote tulifundishwa Kidato cha Kwanza tukalisahau kesho yake baada ya mtihani, nalo ni kubadili vipimo vya urefu kutoka futi na inchi kwenda mita, na kurudi tena. Anayedhani kwamba jambo hili ni la watoto, na apande mashua aende Songo Songo.

Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa kile mwaka 1974 na kampuni ya AGIP ya Italia. Ilikaa ardhini miaka 30. Katika miaka ya 1980 palikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha mbolea Kilwa ili gesi hiyo itumike, lakini kiwanda hakikujengwa, na wazee wetu walioahidiwa kazi wamezeeka wakisubiri. Mwaka 2004 ndipo gesi ilipofika Ubungo, Dar es Salaam. Sasa tazama jinsi bomba lake linavyoelezwa katika maandishi ya serikali na ya kampuni: kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Funga, kipenyo inchi 12; kisha kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo, kipenyo inchi 16. Urefu ni wa Kifaransa, upana ni wa Kiingereza, na bomba ni moja! Bomba kubwa lililozinduliwa mwaka 2015, litokalo Mtwara hadi Dar es Salaam, nalo ni la inchi 36, na tawi lake kutoka Songo Songo ni la inchi 24.

Mwanafunzi hodari atasema hakuna taabu, inchi moja ni milimita 25.4, basi zidisha. Akizidisha 16 atapata milimita 406.4, na akienda na kipimo chake kwenye bomba la Ubungo atakuta kweli upana wa nje ni huo. Akizidisha 36 atapata 914.4, nako atakuta sawa. Lakini akizidisha 12 atapata 304.8, na akilipima bomba la baharini kwa nje atakuta milimita 323.9. Zimezidi milimita 19. Hesabu yake haikukosea. Zamani, mabomba ya chuma yalipoanza kutengenezwa kwa wingi, jina la bomba lilitokana na uwazi wa ndani. Baadaye chuma kikawa bora na kuta za bomba zikaweza kuwa nyembamba, lakini upana wa nje haukuguswa, kwa sababu viungio vyote vilivyokuwa vimekwisha fungwa duniani vilitegemea upana ule. Kwa hiyo mpaka bomba la inchi 12 jina ni jina tu, na kuanzia inchi 14 kwenda juu jina ndio upana wenyewe wa nje. Watu wa mita nao hawakuleta nafuu: bomba la inchi 12 wakaliita 300, la inchi 16 wakaliita 400, na hakuna mahali popote katika mabomba hayo utakapopima ukapata milimita hizo kamili za nje. Kijana atakayeajiriwa katika gesi bila kulijua hili ataagiza viungio visivyoingia.

Watu wa mwambao walikuwa na vipimo vyao kabla ya inchi na kabla ya mita. Kidogo ni wanda, upana wa kidole. Shibiri ni mkono uliokunjuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri mbili ni mkono mmoja, au dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na mikono minne ni pima, yaani mikono yote miwili ikinyoshwa kulia na kushoto. Wavuvi wanapima kamba kwa pima mpaka leo, na nahodha aliyetupa bildi baharini alihesabu kina kwa pima. Mwingereza naye, katika ramani zake za bahari, alikuwa na kipimo cha namna hiyo hiyo, futi 6, na kimetokana na mikono iliyonyoshwa vile vile. Kwa mita ni 1.83 hivi. Nahodha wa Kilwa na nahodha wa London wangeweza kuelewana kina cha mlango wa bahari bila mkalimani, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 Waingereza walipoanza kuzigeuza ramani zao ziwe za mita.

Katika nguo mambo yalikuwa makali zaidi. Karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya misafara ya pembe na, kwa masikitiko, ya watumwa. Fedha ya misafara ilikuwa nguo, hasa marekani, ambayo ilifumwa Marekani na kupimwa huko kwa yadi. Huku ilikatwa kwa mikono. Ndipo wafanyabiashara wakapatana kwamba doti moja ni mikono 8, nayo ni yadi 4. Hapo ndipo ulipo mwanzo wa kubadili vipimo katika pwani yetu, na ulianza dukani, wala si darasani. Nanyi mtaona mara moja kwamba muuzaji mwenye mkono mfupi alikuwa na heri kuliko mnunuzi.

Majengo nayo yana siri yake. Vyumba vya nyumba za mawe za mwambao ni virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida hauzidi mita 3 sana. Kipimo hicho hakikutoka katika kitabu chochote, kilitoka katika boriti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, nazo zilitoka sehemu kama delta ya Rufiji, jirani yetu. Boriti hizo zilisafirishwa mpaka Uarabuni na Ghuba, na huko pia zikaamua upana wa vyumba.

Wajerumani walikuja na mita. Kwao mita ilikuwa sheria tangu mwaka 1872, na reli waliyoanza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 hadi ikafika Kigoma 1914 ina upana wa milimita 1,000 kamili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza na maili, yadi, futi na inchi, wakaikuta reli ya mita, wakaiacha ilivyo. Hawakuwa na sababu ya kuibadili, maana wao wenyewe walikuwa wamejenga reli ya Uganda kwa upana huo huo, kwa kufuata reli za India. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ilifuata kusini mwa Afrika, futi 3 na inchi 6, ambazo ni milimita 1,067. Milimita 67 tu, upana wa vidole vitatu au vinne, na kwa sababu yake behewa la Kigoma haliwezi kwenda Zambia. Mzigo lazima uhamishwe. Reli mpya ya sasa ni ya milimita 1,435. Basi nchi moja ina reli za namna tatu.

Sisi wenyewe tulirudi kwenye mita mwishoni mwa miaka ya 1960, na Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982 ikaweka mambo rasmi. Kwa bahati, wakati huo inchi yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa kwenye mita: tarehe 1 Julai 1959 Marekani, Uingereza na nchi nyingine nne zilikubaliana kwamba yadi moja ni mita 0.9144 kamili. Kabla ya hapo inchi ya Marekani na ya Uingereza zilipishana kidogo sana. Tangu siku hiyo inchi haina tena kipimo chake cha pekee. Ni mita iliyovaa kanzu ya zamani.

Lakini sheria ni jambo moja na duka la vifaa vya ujenzi ni jambo jingine. Ingia duka lolote Kilwa Masoko au Lindi mjini. Nondo ni milimita 12, misumari ni inchi 4, mbao ni mbili kwa nne, tofali ni la inchi 6, bati ni futi 10, na umbali wa kuvipeleka vyote ni kilomita. Mwenye duka habadili kitu. Anajua kila bidhaa na lugha yake.

Mahali ambapo mchanganyiko huu unaumiza ni katika ardhi. Mkulima wetu amefundishwa kwamba eka moja ni hatua 70 kwa 70. Kanuni hiyo ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Hatua ndefu ya mtu mzima ni yadi moja hivi, na yadi 70 kwa 70 ni 4,900 za eneo, wakati eka ya sheria ni 4,840. Tofauti ni ndogo kabisa. Mita zilipokuja, watu walibakiza namba 70 wakabadili hatua kuwa mita. Mita 70 kwa 70 ni mita za eneo 4,900, na eka ya kweli ni mita za eneo 4,047.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa katika kikao cha fidia kwenye kijiji kimoja cha mwambao, ambacho sitakitaja, wala ofisi iliyohusika. Katika orodha walikuwapo majirani wawili, kila mmoja ameandikiwa eka 5. Mzee mmoja akasimama, akasema, "Mwanangu, shamba la huyu ni kubwa kuliko langu, hata mtoto anaona. Mbona tumeandikwa sawa?" Tukauliza lilivyopimwa. La mzee lilipimwa kwa hatua, zamani. La jirani lilipimwa na kijana wake kwa tepu, mita 70 kwa 70 mara tano, kwa hiyo lilikuwa na mita za eneo 24,500. Kwa eka 5 za sheria angelipwa mita 20,234. Angepoteza zaidi ya eka nzima, na mikorosho iliyosimama juu yake, na hakuna mtu aliyekuwa amemdhulumu kwa makusudi. Aliyeligundua ni yule mzee, ambaye kwake mwenyewe hesabu ilikuwa karibu sawa.

Orodha ilirudishwa. Mashamba yote yakapimwa upya kwa mita za eneo, kazi ya siku nne kwenye jua, na safu ya eka ikafutwa katika fomu ile.