Kuhama FL Studio kwenda Reaper: mwongozo kwa mtunzi wa nyimbo

Natungia nyimbo Kayole, Nairobi. Nimehama FL Studio na sasa narekodi kwa Reaper. Wenzangu wa Mombasa huniuliza watahama vipi bila kupoteza kazi zao.

FL Studio ni ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji. Zamani iliitwa FruityLoops. Kwa kupanga midundo ni hodari, ila toleo lake la bei nafuu, Fruity, halirekodi sauti ya mwimbaji. Reaper, ya Cockos, unaijaribu siku 60, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Ni nyepesi hata kwa kompyuta kuukuu, lakini haiji na ngoma wala vinanda vingi.

Tatizo ni kwamba Reaper haifungui faili za FL. Kwa hiyo:

1. Andika tempo ya kila wimbo.
2. Toa kila ala kama WAV peke yake, zote zikianzia mwanzo wa wimbo, hata penye kimya.
3. Hifadhi noti kama MIDI, usije ukataka kubadilisha melodia.
4. Weka nakala kwenye diski ya nje.
5. Ndani ya Reaper, weka tempo ileile, kisha ingiza WAV zote sekunde sifuri.

Anza na nyimbo ambazo hazijakamilika. Iliyokamilika una WAV yake tayari. Ambayo haijakwisha ikifungiwa ndani ya programu usiyo nayo tena, imekwenda. Usiifute FL mpaka umesikiliza zote. Mimi midundo bado naipika huko.